Yai la Anti Vero

Mwezi uliopita wenzangu ofisini waligundua mgahawa mdogo wa Kijapani, huku huku Dodoma, wakapiga kelele utadhani wamegundua machimbo ya dhahabu. Tambi ndani ya supu ya mifupa, walisema, bakuli kubwa kama beseni, lazima twende wote. Nilikwenda nao hadi mlangoni. Mlango ulipofunguliwa ikatoka ile harufu, mifupa iliyochemka tangu alfajiri, tangawizi, mchuzi mweusi wa soya, nami nikasimama pale pale. Nikawaambia vidonda vya tumbo vimeamka. Nikarudi ofisini nikala ndizi na karanga, na mchana kutwa sikutaka kusemeshwa na mtu. Sina vidonda vya tumbo. Nina jambo jingine, na nimechoka kuliita vidonda vya tumbo kila ninapokaribishwa kula.

Wenzangu ni wageni wa mji huu. Wanadhani vitu kama hivyo vimeingia Dodoma pamoja na magari ya serikali. Nilipokuwa mtoto, habari ya makao makuu ikiwa bado ni maneno ya redioni, sisi tulikuwa na Mjapani wetu. Alikuja na mradi wa kuchimba visima, mradi ukaisha, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Alisema kwao mvua ni nyingi mno. Sisi tunaoomba mvua kanisani na msikitini tulimwona hamnazo, lakini tulimpenda. Alikodi chumba cha duka nyuma ya soko, akaweka kaunta ya mbao na viti virefu vichache, akatundika kitambaa cha buluu mlangoni, akaanza kupika chakula cha kwao. Jina lake lote lilitushinda, kwa hiyo watu walimwita Mzee Haru. Chakula chenyewe aliita rameni, ila mtaani kilijulikana kama supu ya Mjapani, na wengi waliapa kwamba hawataigusa.

Baba aliigusa. Alikuwa dereva wa ule mradi, amezunguka vijijini na Mzee Haru na kulala naye porini kwenye hema moja, kwa hiyo pale alipokelewa kama ndugu. Kila Jumamosi alinichukua kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto, na badala ya kunirudisha nyumbani kwetu mtaa wa Kikuyu, alikata kona kuelekea sokoni. Mama alikuwa muuguzi wa kliniki ya wajawazito, na Jumamosi alikuwa zamu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kutusubiri.

Niseme ukweli, kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote nilivyowahi kula, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mzee Haru alichemsha mifupa ya nguruwe na ya kuku kwenye sufuria refu mpaka supu ikawa nyeupe na nzito. Tambi alizitengeneza mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, akizinyunyizia unga na kuzikung'uta zisigandane. Juu ya bakuli aliweka nyama iliyolainika hadi ikatengana yenyewe, majani ya kitunguu, na yai moja zima. Yai hilo halikuwa jeupe. Alikuwa amelilaza kwenye mchuzi wa soya likapata rangi ya chai ya rangi, na ndani yake kiini kilikuwa bado laini, kinashika ulimi.

Siku ya kwanza nilikula kwa adabu, mdomo umefungwa, kama nilivyofundishwa. Mzee Haru akaja kusimama mbele yangu, amekunja uso.

"Mbaya?" aliniuliza.

"Hapana, Mzee. Ni tamu."

"Kama tamu, piga kelele. Vuta! Namna hii." Akainua tambi kwa vijiti, akazivuta kwa mlio ambao nyumbani ungeniletea kofi.

Nilimtazama Baba. Mama angeniuliza kama mimi ni ng'ombe anayekunywa lamboni. Baba yeye alicheka, akavuta za kwake kwa kelele zaidi, mchuzi ukamrukia shatini, nami nikamfuata. Siku hiyo nilijua kwamba kuna mahali duniani ambapo kula kwa kelele ni heshima, na nikaamini kabisa kwamba mahali hapo ni petu wawili, pangu na Baba.

Hazikupita Jumamosi nyingi tukawa watatu. Anti Vero alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda chake jirani na pale, mwanamke wa maneno machache na mikono mizuri, ananukia vitambaa vipya. Baba akasema, "Msalimie anti yako." Nikamwamkia. "Marahaba, mrembo," akajibu, "kumbe ndiye wewe," akakaa upande wa pili wa Baba. Kwetu kila mwanamke wa umri ule ni anti, sikuwa na sababu ya kuuliza anti wa upande gani. Mzee Haru ndiye aliyemwita Mama. "Mama pilipili? Mtoto pilipili?" alikuwa akituuliza, akituelekezea kijiko. Mara ya kwanza nilimtazama Baba nikisubiri amsahihishe. Baba akanyoosha mkono, akachukua hiyo pilipili. Nikadhani ni adabu, kwamba mgeni hakosolewi lugha.

Hapa ni lazima nieleze habari ya mayai ya nyumbani. Mama alifuga kuku, wengi tu, lakini mimi yai nililiona kwa nadra. Wajawazito wa huku kwetu hukatazwa mayai na bibi zao, wanaambiwa mtoto atazaliwa na kichwa kitupu kisicho na unywele. Mama alipigana na maneno hayo kazini kila siku, tena si kwa maneno tu. Alichemsha mayai ya kuku wake, akayafunga kwenye kanga, akayapeleka kliniki akawalishe wale waliodhoofu huku akiwasimamia. Nyumbani alirudi amechoka, na mazungumzo yake yalikuwa hayo hayo, nani amekula, nani ametema, nani amelia akisema mkwe wake atamfukuza. Mimi nilikuwa nayasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Nilichokijua ni kwamba mayai yetu yanaliwa na wake za watu.

Kwa hiyo fikirini wenyewe nilivyojisikia Jumamosi moja, Anti Vero alipolishika yai lake kwa vijiti, akalipitisha polepole mbele ya Baba lisidondoke, akaliweka kwenye bakuli langu.

"Kula, mwanangu. Wewe ndiye unayekua."

Zamani alikuwa akilila lake mwenyewe, tena akilibakiza mpaka mwisho kama mtu anayependa kitu kweli. Sasa akalihamishia kwangu, na Jumamosi iliyofuata akafanya vile vile, na nyingine, na nyingine. Mimi nikawa mtu mwenye mayai mawili. Nililala nikifikiria. Mama yangu anawapa mayai watu asiowajua, na mtu asiyenijua ananipa mimi la kwake. Nikaanza kumwangalia Mama kwa jicho la kupima, nikaona ana sauti kali, nikaona mikono yake inanuka dawa. Anti Vero alikuwa amenenepa siku hizo na kuanza kuvaa magauni mapana, amekuwa mzuri zaidi, na mimi nikajua ni supu ya Mzee Haru imemkubali.

Baba alikuwa ameniwekea sharti moja. "Haya ya huku ni yetu," aliniambia ndani ya gari, "Mama yako akijua tunakula bila yeye ataumia." Nikaona ana huruma. Baba sasa ni marehemu, na msibani watu walisimama mmoja mmoja wakisema alikuwa mtu wa familia. Sikubishana nao. Alikuwa nazo mbili.

Sharti lilimtaja Mama. Halikumtaja Bibi, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika maneno kama yalivyosemwa. Bibi, mama yake Baba, alikuja kututembelea kutoka Mpwapwa na gunia la karanga na mlenda mkavu. Alikuwa bibi mcheshi kwangu na mwenye meno kwa Mama. Mama alinizaa mimi, baada yangu hakupata tena, na Bibi hakuacha kumkumbusha. "Mama Stela, tumbo bado limelala?" alikuwa akimuuliza mbele ya watu, na Mama akiitika "Bado, Mama," kama anayeulizwa habari za hali ya hewa. Mimi nilidhani Bibi anamjulia hali kwa sababu Mama anaumwa tumbo.

Mchana mmoja Mama akiwa kazini, tulikaa mkekani barazani na Bibi tukibangua karanga. Nikawa najisifu. Nikamwambia kuna Mjapani, kuna tambi, kuna kula kwa kelele, na Bibi akacheka akanitania kwamba nitaolewa Ujapani nimsahau. Nikafika kwa Anti Vero.

"Tena ananipenda, Bibi. Ananipa yai lake."

"Yeye hali mayai?"

"Zamani alikuwa anakula. Siku hizi anasema mimi ndiye ninayekua."

Mikono ya Bibi ikasimama ndani ya karanga.

"Siku hizi," alirudia. "Na magauni yake yakoje, mjukuu wangu?"

"Mapana. Amenenepa."

Bibi aliweka ungo chini. Nilidhani atanigombeza kwa kula kwa watu. Badala yake alinivuta kifuani, akaimba kitu kwa Kigogo, akacheka, akafuta macho kwa pindo la kanga. Sikuwahi kumwona na furaha ya namna ile ndani ya nyumba yetu. "Usimwambie mama yako," aliniambia. "Mimi nitasema, siku yake ikifika." Nikafurahi pia. Sasa nilikuwa na siri na Baba na siri na Bibi, na mtoto asiye na ndugu anaweza kushiba kwa siri tu.

Bibi akarudi Mpwapwa. Muda ukapita, Anti Vero akaacha kuja kwa Mzee Haru. Nilipouliza, Baba akasema amesafiri. Nikala mayai yangu peke yangu na kumkumbuka.

Halafu Bibi akaja tena, safari hii nyuma ya pikapu ya jirani yake, na mbuzi. Mbuzi mwenyewe alikuwa amenona, mweusi, na masikio marefu. Jioni ile Mama alimzunguka yule mbuzi kama mtu aliyepokea barua aliyoingoja miaka. Katika ndoa yake yote Bibi hakuwahi kumletea hata kifaranga. Mama alimkatia mbuzi majani mwenyewe, akampa maji kwenye ndoo yetu ya kunywea, akamfunga chini ya mti wa uani mahali penye kivuli. Aliniambia kwa sauti ya chini, akitabasamu kama msichana, "Stela, bibi yako leo amenikumbuka." Usiku alipika wali na kuku wake mmoja kwa ajili ya Bibi, na firigisi, ambayo siku zote ilikuwa ya Baba, alimpa Bibi kwa mkono wake.

Asubuhi Mama alitangulia kuamka. Alikuwa ameshatwanga kitunguu saumu na tangawizi, kisu kimenolewa. Bibi akatoka amevaa kanga mpya, akaenda moja kwa moja chini ya mti akafungua kamba. Baba alikuwa ameshawasha gari, haangalii mtu.

"Mama, huyo mbuzi anakwenda wapi?" Mama aliuliza.

"Kwa mzazi. Apate supu."

"Mzazi gani?"

Bibi hakupunguza sauti wala hakuona sababu ya kuzunguka. "Stela amepata mdogo wake, Mama Stela. Wa kiume. Mungu amenisikia." Akaivuta kamba. Mbuzi alikuwa ameshamzoea Mama, akagoma, akarudi nyuma kumfuata, na Baba ikabidi ateremke garini kumsukuma kwa nyuma. Hivyo ndivyo ninavyomkumbuka baba yangu siku ile, ameinama, anasukuma mbuzi atoke kwetu.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nilimtazama Mama tumboni. Nilidhani ni yeye aliyejifungua usiku nikiwa nimelala, na nikashangaa hawaniletei huyo mtoto nimwone.

Gari lilipoondoka Mama alikaa kwenye kinu, kilikuwa bado kinanuka tangawizi. Hakulia. Akaniita karibu.

"Kuna mwanamke baba yako huwa anakutana naye. Unamjua?"

Nilikuwa na siri mbili za kutunza. Lakini Bibi alikuwa ameshasema ya kwake, nikaona nami nimefunguliwa. "Ni Anti Vero," nikasema. "Tunakula naye kwa Mjapani. Si mtu mbaya, Mama. Ananipenda. Kila siku alikuwa ananipa yai lake."

Mama akacheka, kicheko kifupi kibaya ambacho sikukijua kama ni chake, akafunika uso kwa kiganja na kuufunua tena.

"Hakukupa, mwanangu," alisema. "Aliogopa kulila."

Sikuelewa upesi. Nilielewa nikiwa naosha uso, nikiwa na sabuni machoni, yale maneno yote ya kliniki yaliponirudia kichwani mfululizo. Lile yai halikuwa langu. Lilikuwa limetolewa kwa ajili ya nywele za mtoto mwingine, na mimi nilikuwa nimekaa karibu tu, nimekinga bakuli. Watu wazima huniambia kwamba hayo ni mambo madogo, kwamba kilichovunjika siku ile ni ndoa na wala si yai. Ndoa ilikuwa ya Mama na Baba. Kilichokuwa changu ni kile nilichodhani nimependwa, na kilikwisha pale kwenye karai la maji. Nasema kwa uchungu kwa sababu ni uchungu, na sina nia ya kuutia sukari.

Jumamosi ilipofika Baba akapiga honi nje. Alikuwa hajalala nyumbani tangu siku ya mbuzi. Nilijificha nyuma ya Mama. Mama hakuwa amekwenda kazini, jambo ambalo sikuwahi kuliona isipokuwa nikiwa mgonjwa. Alinifunga vifungo vya gauni la kwaya.

"Nenda. Ni baba yako."

"Sitaki."

"Nenda, Stela. Kamwangalie."

Sikumuuliza nani. Baba hakunipeleka kwenye kwaya, tulikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Anti Vero alikuwa ameshafika, amekaa pale pale pake, na kwenye mapaja yake kulikuwa na kifurushi cha kanga. Mzee Haru alikuwa amesimama mbele yao na taulo begani, anacheka mpaka macho yamepotea. Aliponiona akapiga makofi.

"Sasa kamili!" alisema. "Baba, mama, dada, kaka mdogo. Kamili!"

Nilingoja mtu amsahihishe. Baba akavuta kiti. Anti Vero akashusha macho. Mabakuli yakaja, mvuke ukapanda kati yetu, na Baba, labda kwa kukosa la kufanya, akaanza kuvuta tambi zake kwa kelele kama siku zote. Mimi sikuweza hata kushika vijiti. Ndipo Anti Vero akageuka, akanisogezea kile kifurushi.

"Mshike mdogo wako," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama angeniamuru.

Nilimpokea nikiwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Alikuwa mwepesi, mwenye joto, kichwani nywele nyeusi tele, amelala na ngumi zimekunjwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limepinda kwa juu, kama langu. Paji la uso lilikuwa langu. Hata ule mkunjo mdogo katikati ya nyusi, ambao Mama huwa ananinyoosha kwa kidole gumba akisema nisizeeke mapema, alikuwa nao. Akafumbua macho akaniangalia bila kunijua, akayafumba tena. Nikamrudisha kwa mama yake, nikamwambia Baba nataka kwenda nyumbani, na Mzee Haru akalitazama bakuli langu lililojaa akaniuliza kwa masikitiko, "Leo mbaya?"

Baba alinishusha getini akaondoka. Mama alikuwa jikoni, hajapika kitu, amekaa kwenye kigoda na mikono juu ya magoti. Hakuniuliza tumekula nini wala Baba amesema nini. Hakuniuliza kama yule mwanamke ni mzuri. Aliningoja nivue viatu.

"Anafanana na nani?"

Nilijua jibu la kumfurahisha. Ningeweza kusema anafanana na mama yake, au hafanani na mtu, kwa kuwa watoto wachanga ndivyo walivyo. Lakini yeye alikuwa amenituma nikaangalie, na nilikuwa nimeangalia.

"Na mimi," nikasema.

Mama aliendelea kunitazama usoni, paji la uso, masikio, kama anayetafuta pa kukanushia. Kisha akanivuta, akaniweka kati ya magoti yake.

"Basi hata kumchukia tumenyimwa," alisema, na hapo ndipo alipolia.